Viatu vya Kukimbilia Ufito

Kila jioni Mutuku alirudi nyumbani Kianda akiwa na gunia begani. Asiyemjua angedhani amenunua viazi. Alikuwa fundi viatu, na mahali pake pa kazi palikuwa Kawangware 56, kando ya stegi ya matatu: mwavuli mkubwa, kigoda, na sanduku la misumari, gundi na nyuzi. Kazi isiyoisha mchana aliibeba nyumbani. Akishakunywa chai alikaa mlangoni penye mwanga, akashona hadi macho yakakataa.

Binti yake Kasyoka, wa Gredi ya Saba, ndiye aliyelifungua gunia hilo. Alitoa viatu kimoja kimoja, akavifuta vumbi, akavipanga ukutani kila kimoja na mwenzake. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, kwa hiyo viatu vya watu vililala karibu na godoro lake. Kulikuwa na vya mlinzi, vya kwenda kanisani, vya mama fulani anayekanyagia upande mmoja. Kasyoka aliwajua wenyewe kwa viatu vyao bila kuwahi kuwaona.

Sheria ya nyumba hiyo ilikuwa moja, na Mutuku hakuisema kwa mchezo. "Kiatu cha mteja hakivaliwi. Si kujaribu, si kuonyesha wenzako. Hata kidole kisiingie."

Jumatatu moja gunia lilitoa viatu vya mbio vya rangi ya buluu. Juu vilikuwa vikuukuu, lakini chini Mutuku alikuwa amevitia soli mpya zenye meno.

"Hivi ni vya nani, Baba?"

"Vya Khamala, yule kijana wa pale Kawangware anayetaka kuingia polisi. Nimeshavimaliza. Nitavibeba siku akinipigia simu."

Kasyoka alishika kimoja, akaipinda soli. Ikarudi yenyewe. Akakiweka ukutani na mwenzake, akaenda kuchochea jiko, lakini kabla ya sima kuiva alikuwa amevitazama tena mara nyingi.

Shuleni kwao, upande wa Ayany, Mwalimu Nasike alikuwa anatafuta msichana mmoja wa kuruka juu katika mashindano ya shule za mtaa. Mmoja tu. Majaribio yalikuwa Ijumaa hiyo. Wasichana watano walikuwa wanafanya mazoezi, lakini kila mtu alijua kwamba nafasi ilikuwa kati ya wawili, Mourine na Kasyoka.

Shule haikuwa na vifaa vya maana. Nguzo zilikuwa mbao mbili zilizopigwa misumari, ufito ulikuwa mwanzi, na mahali pa kuangukia palikuwa turubai iliyoshonwa kama mto mkubwa, ikajazwa vipande vya sponji walivyoomba kwa mafundi wa sofa wa Ngong Road. Lakini Mwalimu Nasike alikuwa ameruka juu ujanani mwake kule Bungoma, na alijua anachofundisha.

"Nyinyi mnadhani kuruka ni kazi ya hewani," aliwaambia. "Hapana. Kazi yote iko huku chini, kwenye kukimbilia ufito. Ukifika vibaya, hata ukiwa na miguu ya swala, utaangusha."

Kisha akachora kwa chokaa njia ya kukimbilia. Ilianza moja kwa moja, halafu ikapinda kama kishikio cha mwavuli hadi penye ufito. Kwenye ule mpindo, alisema, mwili unalala kidogo upande wa kushoto, mbio hazipungui, na mguu wa kushoto ndio unaokurusha.

Ni hapo kwenye mpindo Kasyoka alipopata taabu. Uwanja ulikuwa wa changarawe nyekundu, ndogondogo kama dengu. Viatu vyake vya shule mama yake alikuwa amevikataza kabisa kwenye michezo, kwa hiyo alikimbia miguu mitupu. Kila alipolala upande, mguu uliteleza. Akaogopa. Akaanza kupunguza mbio palepale asipotakiwa kupunguza.

"Wewe Kasyoka," Mourine alimwita huku akicheka, "unakimbia ama unatafuta kitu umeangusha?"

Wasichana wakaangua kicheko. Kasyoka akacheka pia, ili asionekane ameumia. Mwalimu alipomuuliza shida ni nini, alijibu, "Hakuna, Ticha." Hakutaka kusema anateleza. Aliona ni kama kulia.

Jumanne asubuhi mama yake alitoka mapema kwenda kufua nguo za watu Ayany, na baba yake akashika njia ya Kawangware. Kasyoka alibaki peke yake na viatu ukutani. Akasimama. Akatoka hadi mlangoni, akarudi. Mwishowe akachukua vile vya buluu, akavisukumia chini kabisa ya begi, chini ya vitabu, akaondoka mbio kama anayefukuzwa.

Vilikuwa vikubwa. Alitia matambara mbele, akakaza kamba hadi vidole vikafa ganzi.

"Ghai! Hizo ni viatu ama ni boti?" Mourine alisema. "Umezitoa wapi?"

"Baba amenipa," Kasyoka akasema.

"Amekupa?" Mwalimu Nasike aliuliza, akavitazama kidogo.

"Ndio, Ticha."

Na hapo uongo ukawa umetoka, mwepesi kuliko alivyotarajia.

Siku hiyo ndipo Mwalimu alipowafundisha kupima alama ya kuanzia. Mtu anasimama penye nguzo, anaweka kisigino mbele ya vidole, mguu kwa mguu, akihesabu hadi apate mahali panapomfaa. Idadi hiyo anaikariri kama jina lake, kwa sababu watoto wa mpira hufuta kila alama uwanjani. Kasyoka alijaribu hapa na pale, mwishowe akapata: nyayo arobaini. Alisimama hapo, karibu na mstari wa kona wa uwanja wa mpira, akavuta pumzi, akakimbia. Soli zikauma changarawe. Mpindo ukaja, akalala upande, hakuteleza. Mguu wa kushoto ukagonga chini, pap! Akapita juu ya ufito akaona mawingu.

Hakuna aliyecheka. Mourine alisema polepole, "Wacha wewe."

Kasyoka aliruka mara nyingi siku hiyo, na Jumatano akaruka tena. Kila jioni alisugua matope na vumbi, akavirudisha viatu ukutani kabla gunia halijafika mlangoni. Aliogopa kugunduliwa, lakini pia alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata. Alijiambia kwamba Khamala hana haraka. Alijiambia kwamba viatu kazi yake ni kuvaliwa.

Jumatano, kwenye mruko wa mwisho, alisikia kitu kikilia chini ya mguu. Sauti ndogo, kama kitambaa kinachochanwa. Alingoja hadi wenzake wakaondoka, akakivua kiatu cha kushoto. Ubavu wa nje, pale mwili unapolalia kwenye mpindo, soli ilikuwa imeachana na kiatu. Ungeweza kuingiza vidole viwili.

Alirudi nyumbani mbio. Kule ndani alitafuta kwenye vitu vya baba yake chini ya kitanda, akapata kopo la gundi. Akapaka, akakandamiza kwa jiwe la kusagia, akafuta gundi iliyotokeza. Alipomaliza, mstari haukuonekana kabisa. Hata yeye mwenyewe alihitaji kutafuta palipokuwa pamepasuka. Akaviweka viatu ukutani, akaapa hatavigusa tena.

Kesho yake jioni gunia lilirudi bila viatu vya buluu.

"Yule kijana alinipigia asubuhi, nikaenda navyo," Mutuku alisema huku akipuliza chai. "Jumamosi polisi wanachukua makurutu. Watakimbia raundi nyingi sana, na wale wa nyuma wote wanarudishwa nyumbani. Ameshukuru mno. Ati akipata kazi, viatu vya depo nzima ya polisi vitakuja kwangu." Akacheka.

Kasyoka alilirudisha tonge la sima sahanini.

"Mbona huli?" mama yake aliuliza.

"Nimeshiba, Mama."

Angeweza kusema hapo. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini baba yake alikuwa anacheka, na Kasyoka akayameza. Alijiambia kwamba gundi ni gundi, labda itashika.

Ijumaa baada ya masomo, shule nzima ilikuja kutazama majaribio. Kasyoka alikuwa miguu mitupu tena.

"Na zile boti?" Mourine aliuliza.

"Zinanibana," Kasyoka akajibu. Mourine akamtazama kwa mshangao, kwa sababu kila mtu alikuwa ameona vile viatu vinavyompwaya.

Kila mmoja alipewa miruko mitatu. Kasyoka alisimama penye nguzo, akapima mguu kwa mguu, nyayo arobaini, akaweka kizibo cha soda kuwa alama. Akili yake haikuwa hapo. Ilikuwa Kawangware, kwenye ubavu wa kiatu cha kushoto. Akakimbia. Kabla hajamaliza mpindo ufito ulikuwa tayari usoni pake. Akaugonga kwa kifua, ukaanguka naye juu ya turubai.

"Moja!" wanafunzi wakapiga kelele.

Mara ya pili ilikuwa vilevile. Alifika mapema mno, hatua zikamkatikia, akasimama kabisa mbele ya ufito kama mtu aliyefungiwa mlango. Hiyo nayo ilihesabiwa.

Mwalimu Nasike akaja alipokuwa. "Umebakisha mmoja. Kasyoka, juzi ulikuwa unaanzia kule karibu na mstari wa kona. Leo mbona uko huku karibu?"

"Nimepima, Ticha. Arobaini."

"Pima nikuone."

Akapima. Arobaini ikaishia palepale kwenye kizibo, mbali kabisa na mstari wa kona. Wanafunzi walioketi karibu walianza kunong'ona.

"Ameota miguu midogo!" mmoja akasema, na kicheko kikapita.

Mwalimu hakucheka. Aliitazama ile miguu mitupu, akautazama mstari wa kona, kisha akamshika Kasyoka bega wakaenda kando, mbali na masikio.

"Ile arobaini yako ni ya mguu wa mtu mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Baba hawezi kumnunulia mtoto viatu vya kumzidi hivyo. Vile viatu ni vya nani?"

Kasyoka alitafuta uongo mwingine. Ulikuwepo, tena si mmoja. Lakini alimwona Khamala, ambaye hakumjua uso, akianguka mbele ya askari na soli ikining'inia mguuni. Machozi yakamtoka, akasema yote: gunia, matambara, ile sauti ya kuchanika, gundi, na Jumamosi.

"Jumamosi ni kesho," Mwalimu akasema.

"Najua."

Mwalimu alitoa simu, akampigia Mutuku. Akasikiliza, akapiga tena. "Ni mteja, hapatikani. Amezima ama imeisha chaji." Akaangalia jua. "Anafunga kazi saa ngapi?"

"Giza likianza. Lakini nyumba ya Khamala ni Baba tu anayeijua. Akishafika nyumbani tutakuwa tumechelewa."

Nyuma yao kulikuwa na kelele. Mourine alikuwa ameruka akapita, safi. Mwalimu aligeuka kutazama, kisha akamrudia Kasyoka.

"Sikiliza. Umebakisha mruko mmoja, na ukipima upya kwa mguu wako unaweza kupita. Lakini mbele yako kuna wasichana watatu, na nikikuacha uruke kabla ya zamu yako, wenzako watakuwa na haki ya kulalamika. Ukienda sasa, nitaandika ulichonacho. Huna kitu. Sikulazimishi. Wewe ndiye unayejua njia ya Kawangware ni ndefu kiasi gani."

Kasyoka aliutazama ufito. Ulikuwa unatikisika kidogo kwa upepo. Wiki nzima alikuwa ameota kuvaa fulana ya shule yenye nambari mgongoni.

"Naenda, Ticha."

"Pita njia zenye watu. Usikate vichochoroni."

Alivaa viatu vya shule, akaondoka mbio. Nyuma alimsikia mtu akiuliza, "Anatoroka?" Hakugeuka. Alipanda hadi Ngong Road, akavuka na kundi la watu waliokuwa wanatoka kazini, akaifuata hadi Dagoretti Corner, akashika Naivasha Road. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena. Kifua kiliwaka. Kila alipotazama juu jua lilikuwa limeshuka zaidi, na wafanyabiashara wa kando ya barabara walikuwa wameanza kuwasha taa zao. Alipofika 56, watu walikuwa wengi hadi akashindwa kuuona mwavuli. Kisha akauona. Ulikuwa unafungwa.

"Baba!"

Mutuku aligeuka, akaogopa. "Ni nini? Mama yako?"

"Hapana. Ni viatu vya Khamala." Alikuwa hana pumzi. "Nilivivaa. Kuruka. Cha kushoto kikapasuka, nikakibandika gundi, nikanyamaza."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja na ndara moja mguuni akasema, "Uuwi!"

Mutuku hakupiga kelele. Kasyoka angeona afadhali kama angepiga. Aliuliza jambo moja tu. "Gundi ya kopo gani? Jekundu au la manjano?"

"La manjano."

Mutuku akafumba macho. "Hiyo ni ya kubandikia ngozi ya ndani. Haishiki soli. Ikipata joto la mbio, inakuwa kama uji." Akachukua sindano kubwa, uzi na nta, akatia mfukoni. "Mama, pole sana, chako nitakufanyia kesho, tena bure. Wewe, twende."

Waliingia nyuma ya duka la vyuma, wakapita kwenye ploti mbili za nyumba za mabati, Mutuku mbele, Kasyoka nyuma. Khamala alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wake, kijana mrefu, mwembamba, anafua fulana kwenye beseni. Vile viatu vya buluu vilikuwa juu ya kiti kando yake, safi, vimetiwa kamba mpya.

"Fundi! Karibu mzee! Umekuja kuniombea?"

Mutuku alisogea kando. "Sema wewe," akamwambia Kasyoka.

Ilikuwa ngumu kuliko kumwambia Mwalimu, na ngumu kuliko kumwambia baba yake. Kasyoka alisema huku akitazama beseni. Alipomaliza, Khamala alicheka.

"Wacheni mchezo. Si hiki hapa kiko sawa?"

Mutuku alikichukua kiatu cha kushoto, akakipinda kwa mikono miwili mara tatu, nne. Ubavu ukafunguka mdomo.

Kicheko cha Khamala kikakatika. Alisimama, maji yakidondoka mikononi. "Wewe mtoto! Unajua mwaka jana nilirudishwa kwa nini? Nilikuwa na viatu vya kuazima. Vikanikata visigino, nikaachwa nyuma. Mwaka mzima nimengoja hii kesho!" Akamgeukia Mutuku. "Na wewe mzee, mimi nimepita mafundi wote pale stegi nikaja kwako."

"Una haki," Mutuku akasema.

Khamala alitembea hadi ukutani, akarudi. "Kwa nini umekuja kuniambia?" alimuuliza Kasyoka. "Singejua ni wewe."

"Ndiyo maana," Kasyoka akasema. "Ungesema ni Baba. Na si Baba."

Mutuku alishaketi kizingitini. "Kijana, niwashie taa. Viatu vyote viwili nitavishona kwa mkono, kuzunguka soli yote. Kasyoka, kaa hapa. Shika, na usilegeze."

Akashika. Baba yake alitoboa, akapitisha uzi wa nta, na kila mara ilikuwa kazi ya Kasyoka kuuvuta hadi mwisho. Uzi ulimkata viganja. Hakuna aliyemwambia apumzike, naye hakuomba. Watoto wa ploti walisimama wakatazama, wakachoka, wakaondoka. Khamala alimaliza kufua, akaanika, akaja kuchuchumaa karibu, bado amenuna. Baadaye alitazama miguu ya Kasyoka.

"Na hiyo miguu midogo, ulikimbiaje na hizi?"

"Nilitia matambara."

Khamala alijaribu kutocheka, akashindwa. "Bado nimekukasirikia, usidhani."

Viatu vilipokuwa tayari alivivaa, akakimbia kichochoroni hadi mwisho, akageuka kwa nguvu, akarudi akipiga breki kwa mguu wa kushoto. Akainua soli chini ya taa. "Kimeshika," akasema.

Kesho yake Mutuku alikwenda kazini na Kasyoka. Hakumwambia kwa nini. Alimkalisha kwenye debe, akampa kiatu cha yule mama wa ndara na uzi wa kuvuta. Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita. Kila kijana mrefu aliyeshuka stegi, Kasyoka aliinua kichwa. Mutuku pia, ingawa alijifanya anatafuta misumari.

Alasiri Khamala alitokea, amejaa vumbi hadi magotini. Hakusalimu. Aliuweka mguu wa kushoto juu ya sanduku, mbele ya Kasyoka. "Kagua."

Kasyoka aliinama, akapitisha kidole ubavuni, polepole, kutoka kisigino hadi vidoleni. Hakukuwa na mwanya.

"Haujafunguka," alisema.

"Haujafunguka," Khamala akarudia, na meno yote yakaonekana. "Nimemaliza pamoja na wale wa mbele. Wiki ijayo tunapimwa na daktari. Bado sijachukuliwa, lakini hakuna atakayesema sikukimbia."

Akapeana mkono na Mutuku, akamgonga Kasyoka kichwani kwa kidole, si kwa upole sana, akaenda zake.

Mutuku alimtazama hadi akapotea kwenye watu. "Hapa stegi tuko mafundi wengi," akasema, "na gundi tunanunua duka moja. Mtu ananiachia kiatu, anaondoka na malapa, hana hata risiti. Ananiamini tu. Wewe ulipovaa kiatu cha Khamala ulivaa hiyo imani, ukaenda nayo kwenye changarawe. Kiatu kupasuka si ajabu, ndiyo maana mimi nakula. Mimi kilichonichoma ni ile gundi. Ulifunika." Akaendelea kushona. "Lakini ulifunua mwenyewe, mapema, na ikakugharimu. Hilo nalo nimeliona. Sasa vuta uzi."

Jumatatu Mwalimu Nasike alitangaza kwamba Mourine ndiye atakayewakilisha shule. Kasyoka alipiga makofi na wenzake, ingawa viganja bado vilimuuma. Baadaye, kwenye mazoezi, alimfuata Mwalimu pembeni.

"Ticha, nataka kuanza tena na mguu wangu. Lakini nateleza. Pale kwenye mpindo, changarawe inanitelezesha. Tangu mwanzo."

Mwalimu Nasike alimgeukia. "Tangu mwanzo? Na nilipokuuliza ukasema hakuna shida?"

"Niliona haya."

Mwalimu alikwenda hadi kwenye ukuta wa darasa, akarudi na fagio lile wanalofagilia uwanja kila asubuhi, akampa. Kasyoka alibaki nalo mkononi.

"Fagia," Mwalimu akasema.

Kasyoka alifagia njia yote, kuanzia penye nguzo, kupitia mpindo, hadi mwanzo wake. Changarawe ikaenda kando, na chini yake pakatokea udongo mgumu, uliokanyagwa na watoto miaka mingi, unaoshika mguu vizuri kabisa. Mourine alikuja akasimama na mikono kiunoni.

"Si uendelee hadi upande wangu, mama wa boti? Mimi pia huwa nateleza, sema tu nilinyamaza."

"Nyote wawili!" Mwalimu Nasike akasema, na safari hii alicheka kweli. Kisha akatulia. "Mnaona? Wiki nzima, viatu vya watu, uongo kwangu, uongo kwa baba, na kijana wa watu karibu akose kazi. Na dawa ilikuwa imeegemea ukutani. Mkiwa na shida, semeni shida ingali ndogo. Mtu mzima hawezi kufagia asichokiona. Haya, Kasyoka. Pima."

Kasyoka alisimama penye nguzo. Akaweka kisigino chake kitupu mbele ya vidole vyake vitupu, akaanza kuhesabu kwa sauti, ili kila mtu asikie. Alipita arobaini, akaendelea, akaendelea tena, hadi karibu na mstari wa kona. Akageuka kuutazama ufito.